Farasi wa Chuma na Nyasi za Msiba

Simu iliponifikia kwamba shemeji Projestus amefariki, sikuanza na pole. Niliuliza, "Asimwe yuko wapi?" Dada yangu Jovina, mjane wa asubuhi hiyo hiyo na mama yake Asimwe, hakushangazwa na swali langu. "Yuko jikoni kwa Kaaka," alisema. "Hatujamwambia, lakini ameshajua." Kaaka, bibi yake Asimwe na mama mzazi wa shemeji, ni marehemu wa siku nyingi, na jiko lake lingekuwa limeshaanguka kama majiko mengine ya nyasi ya Ihanda yalivyoanguka watu wakahamia kwenye mabati. Lakini shemeji alikuwa akiliezeka upya kila nyasi zilipochoka. Watu walimcheka. Mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayewauzia wenzake mabati, kwake anaezeka nyasi! Yeye alijibu kwamba nyasi hazipigi kelele mvua ikinyesha, kisha akabadilisha mazungumzo. Nilipokuwa nafunga mzigo wangu hapa Songambele, nikiufungua na kuufunga tena, nilikuwa nasikia mvumo ule ule ninaousikia tangu ujana, niwe shambani, niwe kanisani, niwe na mtoto mgongoni. Nilishawahi kwenda kupima masikio hospitali. Waliniambia hayana tatizo.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Jovina akaomba nije Ihanda nimsaidie kulea. Nilidhani nakwenda kubeba mtoto. Nikamkuta Asimwe ana miaka sita na habebeki. Ukimshika mkono anautoa polepole, kama mtu anayechomoa nguo kwenye mwiba, ila upindo wa kanga yangu aliushika mwenyewe siku ya pili na tangu hapo hakuuachia kirahisi. Maneno alikuwa nayo machache na alikuwa mchoyo nayo: maji, hapana, twende, Kaaka. Sebule ya dada ilikuwa ya kisasa, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, na redio kubwa ya shemeji ambayo ilikuwa haiwashwi. Kwenye nyumba ile hakuna aliyekwangua sufuria kwa kijiko. Ndizi za Asimwe zilipikwa peke yake, bila maharage, bila mafuta, zikawekwa kwenye bakuli lile lile la bluu, na siku ambayo dagaa waliungwa tulikula uani kama wageni wasiotakiwa. Mvua za kwetu unazijua, au kama huzijui nikuambie tu kwamba chini ya bati zinamfanya mtu aliyekaa karibu nawe apige kelele ndipo umsikie. Wingu likitanda tu, Asimwe alikuwa ameshavuka uwanja na kuingia kwenye jiko la Kaaka.

Kaaka alikuwa bibi mkali, mwembamba, mwenye ulimi unaokwangua. Mimi alinisimanga tangu salamu ya kwanza. "Shikamoo Kaaka," nilisema. "Marahaba. Umesoma mpaka kidato cha nne, ndizi unaweza kumenya?" Nilimenya, akaangalia maganda yangu, akasema ng'ombe wake watanishukuru kwa kuwaachia chakula kingi. Lakini mvua ilipokuwa inanyesha na mtoto amekaa juu ya nyasi ambazo bibi alikuwa akimtandazia kando ya mafiga, Kaaka alikuwa mtu mwingine. Hakumsemesha. Alikuwa akitafuna kahawa yake taratibu na kumwachia mtoto punje zilizobaki azipange chini. Na hapo ndipo niliposikia mvumo kwa mara ya kwanza. Asimwe alifumba mdomo akatoa sauti moja, ya chini, isiyopanda wala kushuka, kama mzinga wa nyuki uliosikilizwa kupitia ukuta. Jovina aliniambia ndivyo mwanawe anavyofurahi. Wengine hucheka, yeye huvuma.

Siku hizi yapo maneno ya mambo haya. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, ameniambia wapo watoto ambao masikio yao na ngozi zao hazina mlango wa kufunga, kila kitu kinaingia. Wakati ule sisi tulikuwa na neno moja tu, mwoga, na kwa mwoga dawa yetu ilikuwa moja, kumzoesha. Ndama akiogopa mto unamvusha kila siku mpaka aache kuogopa. Kwa hiyo Krismasi ile shemeji alipotangaza kwamba mjini Kayanga yamekuja mabembea ya watoto, na kwamba binti yake naye atapanda kama watoto wa watu, hakuna aliyeona kosa. Shemeji alifurahi kuliko mtoto yeyote. Alinunua gauni jeupe lenye neti iliyosimama kama mwavuli, na asubuhi ya sikukuu mimi na Jovina tulimvalisha Asimwe huku akirudia "hapana" kwa sauti ndogo, bila kulia, mpaka neno lenyewe likaishiwa maana.

Uwanja ule bado ninauona. Lilikuwepo jumba la mpira la kujazwa hewa, na feni yake ikinguruma. Jenereta lilikuwa linatetemeka peke yake juu ya tofali. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti kilicholia kila alipokikaribia, "Watotooo oyeee!", na mafuta ya chipsi yalikuwa hewani kiasi cha kuyahisi kwenye nywele. Katikati lilizunguka bembea la farasi wa chuma, rangi zimebanduka, vijana wanalisukuma kwa mikono na chuma kinasaga chuma. Shemeji alimwinua Asimwe akamkalisha juu ya farasi mwekundu. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alikauka. Bembea lilianza, na kila alipopita mbele yetu alikuwa vile vile, macho yamefunguka, haangalii kitu, mikono imeganda kwenye bomba. Shemeji alikuwa anapiga makofi. "Mmeona?" alituambia, na machozi yalikuwa yanamlenga kwa furaha. "Mmeona alivyotulia? Nilisema mimi!" Mzunguko mwingine, na mwingine. Mimi ndiye niliyeona kwanza tone kwenye neti nyeupe, halafu la pili. Alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka meno yamepita. Jovina alipomshusha, mtoto hakumtambua.

Sijawahi kumchukia shemeji kwa siku ile, na ninamwambia hivyo kila anayenisikiliza. Alilia njia nzima. Nyumbani alilikanyaga sanduku lililokuja na gauni mpaka likavunjika. Lakini kumpenda mtu na kumwelewa ni mashamba mawili tofauti, na yeye la pili hakuwahi kuonyeshwa mpaka wake. Kuanzia pale tukakaa na Asimwe nyumbani, tukinong'ona, tukitembea pekupeku. Kisha mwezi wa kwanza jirani mmoja akafariki, Jovina hakuwa na wa kumwachia mtoto, tukaenda wote.

Nisimulie msiba wa kwetu ulivyo, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeukia. Siku ya kwanza ni mayowe, na siku hiyo Asimwe alikaa nami mbali, mikono masikioni. Lakini baada ya kuzika kilio kinachoka. Makochi yamekwisha kutolewa nje, sakafu nzima imetandazwa nyasi laini, na watu wanakaa chini, wanalala chini, bega kwa bega. Hakuna redio. Hakuna anayelima wala kutwanga karibu. Watu wanaongea kwa sauti ya chini, taa hazina makali, ndizi zinapikwa bila madoido, na hakuna mtu anayemwambia mwenzake cheka, imba, salimia vizuri. Asimwe aliingia pale akasimama mlangoni. Akaachia kanga yangu. Akaenda katikati ya wafiwa, akalala kifudifudi juu ya nyasi, shavu chini, na akaanza kuvuma. Wanawake wakatazamana. Mimi nilifurahi kiasi cha kuona aibu, maana sikuwa nimemwona vile nje ya jiko la Kaaka. Nyasi zilipofagiliwa kutolewa msiba ulipokwisha, ndiyo siku pekee aliyolia kama watoto wengine, akizifuata hadi zilikotupwa chini ya migomba.

Ulikuja msiba wa pili, akavuma. Wa tatu ulikuwa wa kijana wa bodaboda, mzima kabisa jana yake, na Asimwe alivuma tangu asubuhi kabla habari haijafika. Ni kwamba mvua ilikuwa inanyesha na alikuwa jikoni kwa Kaaka, lakini nani anataka kusikia hivyo? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisimani wanawake walianza kunyamaza nikifika. Nilimsikia mmoja, nyuma ya mibuni, akisema: "Mtoto anayefurahia matanga ana kazi gani duniani, waitu, jamani? Si anawaita?" Na aliyeogopa kuliko wote alikuwa Kaaka mwenyewe. Nilikuwa namenya ndizi mlangoni alipomwambia shemeji, kwa sauti aliyodhani mimi siisikii: "Mwanangu, huyu mtoto mimi ninampenda. Lakini anapovuma, ananivumia mimi. Siku yangu ikifika asiwepo. Masikio yake yamejaa msiba, myapeleke kwenye vicheko yakaoshwe." Shemeji alimjibu kwa kifupi tu, "Ndiyo, mawe," yaani mama kwa Kinyambo. Nilimenya ndizi moja mpaka ikaisha mkononi.

Basi Asimwe akawa anapelekwa kwenye vicheko kama mgonjwa anavyopelekwa kuchomwa sindano. Sikukuu ya Idi tulimpeleka Omurushaka, kwenye jumba la hewa, na tulirudi naye amejikunja ndani ya kitenge cha mama yake kama mzigo. Tulimpeleka kwenye harusi, tukakaa nyuma, tukatoka kabla spika hazijawashwa. Shemeji hakumpandisha tena kwenye kitu chochote. Alimsimamisha tu pembeni ya furaha za watu, akimziba masikio kwa viganja vyake vikubwa, akimwomba radhi kwa Kinyambo, neno kwa neno, huku akiendelea kumsimamisha. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi kuliko damu kwenye neti. Alimziba masikio yeye mwenyewe, pale pale alipompeleka.

Kaaka alifariki wikiendi ya Pasaka. Alikutwa jikoni, amekaa, kikapu cha kahawa mapajani. Mazishi yakawekwa Jumatatu, na mzee Kaijage, baba mkubwa wa shemeji na msemaji wa ukoo, akaita kikao kifupi sebuleni kabla nyasi hazijatandazwa. Marehemu alisema mtoto asiwepo. Neno la marehemu halirukwi. Jovina alisema kutoka mlangoni, "Baba, ni bibi yake. Amelelewa na yeye." Mzee Kaijage akasema hana ugomvi na mtoto, ila yeye ndiye atakayeulizwa ukoo ukianza kupukutika. Wote wakamtazama shemeji. Alikuwa amekaa chini, mfiwa, kichwa kimenyolewa upya, na alionekana mdogo kuliko mimi. "Adela," aliniambia bila kuinua macho, "mpeleke Kayanga kwenye mabembea. Mpaka tumalize."

Tukaenda. Farasi walikuwa wale wale. Nilisimama naye nje kabisa ya uwanja, nikasikia tena "oyeee", nikasikia chuma, na Asimwe akaanza kukauka kuanzia vidole. Sikumngojea akauke wote. Nilimvuta kwa upindo wa kanga tukavuka barabara, tukaingia kwenye kibanja cha mtu nisiyemjua, ndani kabisa kwenye migomba, ambako majani makavu yamelaliana na sauti ya jenereta inafika imechoka. Alilala chini kifudifudi. Nilikaa karibu yake. Kisha akainua uso uliojaa uchafu wa majani, akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akasema, "Kaaka analala kwenye nyasi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilisema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Twende."

Ningefanya nini? Tulipanda bodaboda. Tulifika wakati watu wamejaa uwanjani, maiti bado iko ndani. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wamewekwa njiani, na walitusimamisha kwenye mibuni ya mpakani, pale njia ya miguu inapoingia uwanjani. Hawakuwa wakatili. Mmoja aliniita dada, akaniomba nisimtie matatani, akaenda ndani kumwuliza shemeji. Nilikuwa nauona mlango wa sebule. Nilimwona kijana akiingia, nikaomba Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa. Alitoka peke yake. Akasema, "Amesema abaki hapo hapo." Asimwe hakupigana. Alishika tawi la mbuni kwa mkono mmoja na sikio kwa mkono mwingine, akavuma. Alivuma wakati wanatoa jeneza, alivuma juu ya mayowe, alivuma mpaka udongo wa mwisho, na watu waliokuwa kaburini waligeuka mmoja mmoja kututazama na kugeuka tena haraka. Hiyo sentensi ya nyasi ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kusema, na "twende" ndilo lilikuwa neno la mwisho. Baada ya siku ile Asimwe hakusema tena, wala kwangu wala kwa mama yake. Matokeo yangu yalitoka, nikaondoka, nikaolewa huku Songambele, Kyerwa. Nilikuwa nikija kutembea. Kila nilipokuja nilimkuta amekua, anapalilia, anachuma kahawa, anakaa kwenye jiko la nyasi, na baba yake amekaa naye kizingitini, wote kimya.

Sasa nirudi kwenye msiba wa shemeji. Nilifika wakati nyasi zimeshatandazwa na jeneza limewekwa juu yake, si juu ya meza, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Jovina alikuwa amekaa upande wa kichwa cha mumewe. Aliponiona alilivuta sikio langu karibu na mdomo wake. "Aliniambia Asimwe akae hapa," alisema, akigusa nyasi zilizokuwa kando yake. Mahali pale palikuwa wazi. Sebule imejaa mpaka watu wanakaliana miguu, na pale hapakaliwi. "Alisema, mwambieni aingie. Nimemtumia watu watatu, haji. Nenda wewe."

Nilimkuta kwenye mibuni ya mpakani. Ameshakuwa mwanamke, mrefu kama baba yake, amevaa kitenge kilichofuliwa mpaka kikalainika. Amesimama pale pale. Miti ile imekatwa na kuchipua mara nyingi tangu hapo, lakini mkono wake ulijua tawi. Nilimnyooshea upindo wa kanga. Akautazama. Akautazama vizuri kabisa, na ninaamini alinikumbuka. Hakuushika. Nilimwambia, "Asimwe, mama, baba amesema uingie." Hakukasirika wala hakulia. Alibaki tu, kama mtu aliyeonyeshwa nafasi yake kanisani akiwa mtoto na hajawahi kusikia kwamba imebadilishwa. Sisi tulimfundisha kwamba msibani kwao yeye husimama hapo. Alijifunza.

Nilirudi nikamwambia Jovina. Kisha akafanya jambo ambalo mjane wa kwetu halifanyi: aliinuka kutoka upande wa kichwa cha maiti, akakusanya nyasi za ile nafasi iliyokuwa wazi, zote, akazikumbatia, akaelekea mlangoni. Mzee Kaijage, ambaye sasa ni kikongwe wa kushikwa mkono, akasema, "Mama Asimwe, unakwenda wapi na maiti iko hapa?" Jovina akamjibu kwa heshima, hata goti alipiga. "Baba, msiba uko kule nje. Anayetaka kunipa pole atanikuta kwenye mibuni." Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa alikuwa ametoka, basi wanawake wakainuka wakamfuata, kisha wanaume, kila mmoja na konzi ya nyasi mkononi, na hakuna aliyethubutu kupiga yowe. Hata mzee Kaijage aliomba ashikwe mkono atolewe.

Mimi nilibaki. Maiti haiachwi peke yake, na mtu lazima abaki. Nilikaa pale alipokuwa dada, sakafu nyekundu imetokeza mahali nyasi zilipoondolewa, nikasikia huko nje watu wanakaa chini mmoja mmoja bila maneno. Halafu mvumo ukaanza.

Maisha yangu yote mvumo wa siku ile nilikuwa nimeusikia kutoka upande wa nje, nikiwa nimesimama na mtoto, nikitazama mlango huu. Sikuwahi kuwaza unasikikaje kwa aliyekaa ndani. Ndani hausikiki kama unatoka kwenye mibuni. Unapita ukutani, unashuka, unatoka chini kwenye nyasi, karibu kabisa, chini ya mkono uliouweka sakafuni, na hakuna pa kugeuzia sikio. Shemeji alikuwa amekaa hapa, kichwa kimenyolewa, siku ya mazishi ya Kaaka. Nilimtazama. Niliinama mpaka paji la uso likagusa mbao za jeneza.

"Kumbe ulikuwa unasikia," nilimwambia. "Shemeji, kumbe ulikuwa unasikia muda wote."